Kopo la Vifungo Langoni

Kila asubuhi Fundi alitoa cherehani yake ya mkono, akaiweka barazani. Kisha alimwita binti yake akae ubavuni pake, mahali anapoweza kumshika. Kumwona tu hakukumtosha. Binti huyo aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia, unaweza kupika, ukala, ukaosha na vyombo, yeye bado yuko mwanzo wa habari.

Lakini watoto wa jirani walipopita na mifuko ya shule, Chiriku alinyamaza kimya. Aliwatazama mpaka wakapinda kona. Fundi, mama yake, naye aliinama, akajifanya anatafuta sindano.

Vita vilikuwa vimewatoa kwao, wakaja kupanga chumba katika mji huu. Mama mwenye nyumba aliuliza mara nyingi mbona mtoto haendi shule. Fundi hakukosa jibu. Mara mtoto hana cheti cha shule ya zamani, mara atachekwa kwa lafudhi yake, mara hana sare. Fundi wa nguo, mtoto wake akose sare! Hapo mama mwenye nyumba alishindwa kujizuia, akacheka. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na si mtu wa kuzungushwa.

Alivuta kigoda, akakaa. Akaeleza kwamba shule yao haimrudishi mtoto aliyekimbia vita kwa kukosa cheti. Mwalimu atamsikiliza akisoma na kuhesabu, kisha atampa darasa linalomfaa. Sare itafuata. Na kuhusu kuchekwa, kwa mdomo ule wa Chiriku, wa kuhurumiwa ni wenzake.

Fundi alitabasamu, kisha machozi yakamtoka.

"Dada, siku risasi zilipoanza, alikuwa shuleni," alisema. "Nilimtafuta mchana kutwa na usiku kucha. Siwezi tena."

Tusimcheke. Nani kati yetu angeweza?

Mama mwenye nyumba hakumwambia asahau. "Basi usimwache, mdogo wangu," alisema. "Nenda naye, ukae umwone. Nitazungumza na mwalimu mkuu."

Kesho yake walikwenda wote watatu. Mwalimu mkuu alimsikiliza Chiriku akisoma, akamweka darasa la tatu. Kisha alimtembeza Fundi shule nzima. Alimwonyesha lango lenye mlinzi, akamweleza kwamba mtoto haondoki na mtu asiyejulikana. Kukitokea hatari, watoto hukusanyika ukumbini, na walimu hubaki nao mpaka wazazi wafike. Fundi aliuliza jambo hilo hilo tena na tena, na mwalimu akajibu tena na tena bila kununa.

Mwanzoni Fundi alikaa nje, chini ya dirisha la darasa. Chiriku akageuka, anamwona. Baadaye mwalimu alimwomba asogee mpaka langoni. Alisogea, akigeuka nyuma kila hatua. Hakuwa mtu wa kukaa bure, kwa hiyo alikuja na sindano, uzi na kopo la vifungo. Watoto wakaanza kumletea mashati yao. Mlinzi alisema tangu azaliwe hajaona shule yenye vifungo kamili namna hii. Fundi akawa anacheka, na kuna saa alisahau kabisa kutazama dirishani.

Asubuhi moja, walipofika kwenye kona, Chiriku alisimama. Rafiki zake walikuwa wanamsubiri mbele.

"Mama, leo usije."

Fundi aliinama karibu naye. Akamwuliza kama amemkosea kitu.

"Hujanikosea," alisema Chiriku. "Nataka kuwasimulia habari zako, na ukiwepo siwezi."

Fundi aliutazama mkono mdogo ndani ya mkono wake. Kisha akauachia.

Alirudi nyumbani, akatoa cherehani, akashona suruali upande wa nje ukawa ndani. Akafumua, akaanza upya. Mama mwenye nyumba alikaa naye, akimtungia uzi.

Saa ya watoto kutoka shule ilipofika, Fundi alisimama barazani akitazama kona. Kabla hajamwona mwanawe, alimsikia. Sauti ilikuja juu, haina kituo, inasimulia na kucheka.

Fundi akakaa. Mtoto alikuwa bado yuko mwanzo wa habari.