Misumari Miwili Mitupu

ALFAJIRI

Kamanda Turdikul alipanga lozi juu ya kitambaa cha chakula.

"Hili daraja. Hili lori la hasimu wetu Gafur, limejaa ngozi za wana-kondoo. Walinzi wawili, tena wavivu. Mnapasua matairi, mnapakia ngozi garini kwenu, mnazileta kwenye kinu cha unga. Swali?"

"Nani kakupa habari?" Yuldash aliuliza.

"Tangu lini unaniuliza hivyo?"

Yuldash akarudi kuifuta bunduki yake. Rashasha yake ilimfuata Turdikul tangu wote wawili wakilinda kisima cha gesi kwa mshahara wa serikali. Serikali ilipoyumba, Turdikul akahamia kwa mujahidina. Mujahidina walipogombana, akahama tena, na katika vita hiyo Yuldash akamuua kaka yake Gafur. Kinyonga yule, kila alipobadili rangi aliongeza bunduki. Sasa nusu ya mji wa Andkhoy ilimwamkia mkono kifuani.

"Mkuu, ngozi moja yangu," alisema Nazar, dereva, mdogo wake Yuldash. "Nishone kofia ya harusi."

"Na hiyo pua, nani atakukubali?"

Aliyesema ni Bibi Oyhon, mama yake Turdikul, akiingia na mikate kutoka tanurini. Mama yao Yuldash alifariki akimzaa Nazar, na bibi huyu ndiye aliyemnyonyesha.

"Umeni, wanangu."

Yuldash na Nazar wakauma, kila mmoja wake. Bibi akaitundika mikate ukutani, kwenye misumari miwili. Kwetu mkate ulioumwa humngoja msafiri mpaka arudi aumalize. Hauteremshwi mpaka arudi, au ije habari ya kifo chake.

Turdikul alikuwa anabaki, kwa hiyo hakuuma. Wala hakuwatazama.

ADHUHURI

Walijificha na gari lao korongoni karibu na daraja. Nazar alimenya yai.

"Kaka, baada ya hili naacha. Nitapakia matikiti sokoni."

"Kila wizi unaacha wewe."

"Safari hii kweli bwana. Wallahi."

Yuldash alicheka, lakini moyoni aliomba iwe kweli. Amemlea huyu tangu utotoni. Alitaka jambo moja tu: kumrudisha nyumbani mzima, amwozeshe.

ALASIRI

Lori likaja. Polepole mno.

Yuldash akapasua matairi kwa risasi. Turubai likafunuka. Ngozi hakuna. Walikuwamo watu, bunduki tayari, zote zimeelekezwa palepale walipojificha. Mtu alikuwa amewaonyesha mahali.

"Geuza gari! Geuza!"

Nazar akageuza. Risasi ikapita kwenye mlango na kumwingia ubavuni. Aliendesha hivyohivyo, meno yameumana, mpaka nyuma ya kilima wakawa salama. Akavuta breki, akazima injini.

"Kaka," alisema, "mkate wangu wasile."

Akafa ameshika usukani. Yuldash alilia kwa sauti, bila aibu.

MAGHARIBI

Yuldash aliingia kwa mlango wa upande wa tanuri. Hapakuwa na mtu aliyemtangulia na habari. Ukutani, misumari ilikuwa mitupu. Bibi Oyhon ameketi chini yake, amejikunyata.

"Nazar yuko wapi?"

"Garini, mama. Nimemfunika."

Bibi akajishika kifua, palepale alipomnyonyeshea.

"Mikate kaiteremsha nani?" Yuldash aliuliza.

"Turdikul mwenyewe. Adhuhuri. Akawapa mbuzi. Nikamwuliza kulikoni, akaniambia, hawarudi hao."

Adhuhuri. Saa ile Nazar alikuwa hai, anamenya yai.

Chumba cha pili, mgeni alikuwa akicheka. "Gafur ataridhika. Uliahidi kumtoa aliyemuua kaka yake, na umemtoa. Wilaya ni yako, kamanda."

Mla nawe hafi nawe. Yuldash akakoki bunduki. Bibi akamshika mkono. Yuldash alidhani atamwombea mwanawe.

"Ngoja kidogo," bibi alisema.

Akainama tanurini, akatoa mkate wa moto, akatangulia. Yuldash akamfuata.

Mgeni aliiona bunduki, akainua mikono juu. Bakuli la chai likamponyoka Turdikul.

"Yuldash! Ndugu yangu, nisikilize. Walikutaka wewe tu. Nazar sikumtaka afe, ila ningemzuia, ungeshtuka..."

"Nyamaza," alisema Bibi Oyhon. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Akamwekea mwanawe mkate mdomoni, kwa mikono miwili.

"Mama?"

"Uma, mwanangu. Unasafiri."

Turdikul alimtazama mama yake muda mrefu. Akauma.

Bibi akaupokea mkate, akatoka nao hadi uani, akawamegea mbuzi. Nyuma yake bunduki ikalia.