Michembe Juu ya Paneli

Kila asubuhi Nyanjige aliamshwa na injini ya kisima. Tuk-tuk-tuk. Akiisikia, alijua maji yapo. Leo kulikuwa kimya.

Alikwenda kisimani. Ng'ombe walisukumana kwenye birika kavu. Kina mama walikalia ndoo zao.

"Mwangaluka, mayu, mama mwenyekiti," alisalimu Mzee Limbu, mwendesha injini. "Dizeli imekwisha. Tuliyemtuma Bariadi hajarudi."

"Jana ulisema itatosha hadi Jumamosi!"

"Jana ng'ombe hawakuwa wengi hivi."

Nyanjige alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Jumamosi hiyo kijiji kingeamua: wabaki na dizeli, au wafunge pampu ya jua? Wakikosea, kiangazi kingewakuta bila maji.

"Tuchukue ya jua," walisema kina mama. "Jua haliagizwi Bariadi."

"Kijiji jirani wanayo," Mzee Limbu alijibu. "Maji yanadondoka kama machozi ya mrithi msibani!"

Watu walicheka. Kisha wote wakamtazama Nyanjige. Kina mama wakisema, aliona wana hoja. Mzee Limbu akisema, aliona naye ana hoja.

Siku iliyofuata alimfuata Novatus, fundi wa pampu.

"Fundi, niambie tu, ipi ni nzuri?"

"Nikikuambia, utakuwa na neno langu. Twende ukaone, upate lako."

Walikwenda kijiji jirani. Kweli, bomba lilitoa maji membamba kama uzi. Nyanjige alivunjika moyo. Basi Mzee Limbu alisema kweli! Lakini jua lilikuwa kali. Mbona pampu haivuti?

Novatus aliomba ngazi. "Panda wewe, mwenyekiti."

Nyanjige alipanda hadi kwenye paneli, yale mabapa yanayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Nusu yazo zilikuwa nyeupe. Alishika kipande kimoja. Kiazi kitamu, kilichokatwa na kuanikwa.

"Michembe! Ya nani?"

"Yangu," alijibu mama mmoja, Elina, bila wasiwasi. "Chini kuku wanakula, mbuzi wanakula. Huko juu inakauka vizuri sana."

"Mayu, mwanga ndio chakula cha pampu," Novatus alisema. "Viazi vyako vinakula kwanza."

Waliondoa michembe. Wakafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Bomba lilikohoa, kisha maji yakatoka kwa nguvu.

"Kumbe!" Elina alishika kiuno. "Na hakuna aliyetuambia."

Njiani Nyanjige aliuliza, "Na siku za mawingu?"

"Itavuta kidogo. Ndiyo maana mnahitaji tangi kubwa, lijae siku za jua. Usiku pampu inalala, lakini maji ya tangi mtachota."

"Na injini yetu?"

"Msiitupe. Iwe akiba."

Jumamosi Nyanjige alisimama mbele ya mkutano. "Ndugu zangu, mimi sikujua. Nimekwenda kuona." Akaeleza yote, hata mashaka yake ya mawingu.

Mzee Limbu aliinama. "Sasa mimi nitakuwa nani?"

"Mlinzi wa paneli, na wa injini ya akiba. Nani anakijua kisima hiki kama wewe, baba?"

Mikono ikanyooshwa kukubali pampu ya jua. Ya Mzee Limbu ilichelewa, lakini nayo ilipanda.

Kabla pampu haijafungwa, Nyanjige aliagiza kitu kimoja: chanja refu la miti kando ya uzio wa kisima, la kuanikia michembe. Wasiokuwapo mkutanoni walishangaa. Chanja na maji vinahusiana nini?

Kiangazi kilifika. Asubuhi za kwanza Nyanjige aliamka na hofu, kwa kuwa hakusikia tuk-tuk-tuk. Alikwenda kisimani, akakuta ng'ombe wanakunywa. Mawingu yalipotanda siku mbili, injini iliwashwa. Siku ya tatu ikazimwa.

Asubuhi moja alimkuta Mzee Limbu juu ya ngazi, akifuta paneli. Zote zilimeta. Chanja lilikuwa limejaa michembe. Shavu la mzee nalo lilikuwa limejaa.

"Baba, unatafuna nini?"

"Ushuru wa jua, mayu."