Usichomoe Taa Ikipepesa

Tik. Kisha kimya. Kisha tik nyingine, safari hii karibu na mlango wa jikoni.

Wachuka hakuhitaji kufungua macho. Giza la alfajiri lilikuwa bado limekaza, lakini alijua kwamba stima imepotea tena na mama yake anapita akipapasa ukuta, anazima soketi moja baada ya nyingine. Mwaka uliopita stima ilirudi kwa kishindo ikaunguza televisheni yao, na tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria moja kubwa: taa zikianza kufifia, chomoa kila kitu kwanza, maswali baadaye. Wachuka alikuwa ameizoea sheria hiyo hata mkono wake ulikimbilia ukutani kabla kichwa hakijaamua.

"Amka, mami," mama yake aliita kwa sauti ya upole. "Chai iko tayari, na Kipketer anakungoja kitabuni."

Wachuka alitabasamu gizani. Alikuwa darasa la saba katika shule moja ya msingi huko Bahati, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa na kazi ambayo mwanafunzi mwingine hakuwa nayo. Aliingia katika chumba kidogo kando ya ofisi ya walimu, akaketi mbele ya kompyuta kuukuu, akavuta maikrofoni karibu na mdomo, akasoma kitabu kwa sauti. Alikuwa akimsomea Kipketer.

Kipketer alikuwa mwanafunzi mwenzake. Macho yake yaliharibiwa na ugonjwa alipokuwa mdogo, kwa hiyo alisoma kwa masikio. Mwaka huo wa 2008 ulikuwa umeanza vibaya. Shule ilichelewa kufunguliwa, familia nyingi zilihama kwa hofu ya ghasia za baada ya uchaguzi, na Kipketer na mama yake hawakurudi Bahati hadi mwezi wa tano. Alikuwa amekosa muhula mzima. Mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba asipofanya vizuri katika mtihani wa wilaya, atarudishwa darasa la sita.

Mwalimu Masinde, aliyewafundisha Kiswahili, ndiye aliyepata wazo la kurekodi vitabu. Kompyuta ilitolewa na Deepa, msichana ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya umeme mjini Nakuru. Wanafunzi waliiita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, kwa sababu ya umri wake na jinsi ilivyokoroma ikiwashwa. Guka hakuwa na nguvu za kubeba programu nzito, kwa hiyo Deepa alimwekea Linux, mfumo mwepesi unaoweza kuendesha hata mashine iliyochoka. Akaleta pia empithrii, kidude cha kuchezea sauti, kidogo kama kiberiti.

Wachuka akimaliza kusoma, aliunganisha empithrii na Guka kwa waya wa USB. Hapo programu moja ilianza kulinganisha: ilitazama sura zilizo ndani ya kompyuta, ikatazama zilizo kwenye empithrii, kisha ikanakili zile mpya na kufuta zilizokwisha kusikilizwa, maana nafasi ya empithrii ilikuwa ndogo. Jioni Kipketer aliondoka na empithrii mfukoni, spika ndogo masikioni, akitembea kama bwana mkubwa anayesikiliza habari.

Sharti lilikuwa moja. Taa ndogo ya kijani kwenye empithrii ikipepesa, ujue bado inaandikwa, usiiguse. Ikitulia, bonyeza neno Ondoa kwenye skrini, subiri, ndipo uchomoe.

Alhamisi hiyo Wachuka alisoma hadithi ndefu ya mfuga nyuki. Alipomaliza, aliunganisha waya kama kawaida, na taa ya kijani ikaanza kupepesa. Ghafla balbu ya chumbani ikafifia ikawa nyekundu kama kaa la moto. Guka akaguna.

Wachuka hakuwaza. Alipokuja kujitambua, empithrii ilikuwa mkononi mwake na waya unaning'inia. Balbu ikawaka tena kana kwamba ilikuwa ikimtania. Kwenye skrini, programu ya kulinganisha ikajifunga yenyewe.

Alirudisha waya haraka. Programu ikafunguka, ikaanza kulinganisha, ikafika mahali, ikaanguka na kujifunga tena. Alijaribu tena, ikaanguka tena. Aliiweka empithrii juu ya meza ya Mwalimu Masinde, mahali Kipketer alipoichukulia kila jioni, akarudi darasani akijiambia kwamba Guka amechoka tu, na kesho ataamka vizuri.

Kesho yake Kipketer alimsikia akicheka na wenzake karibu na bomba la maji, akamjia moja kwa moja.

"Wewe msichana, umenifanyia nini?" alisema. "'Nyuki walipoona moshi, waka.' Hapo ndipo umeishia. Waka nini? Mama yangu ameacha ugali jikoni ukaungua, anangoja hao nyuki."

Wachuka alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Alimwambia kwamba mashine ilikataa kidogo, atasikia mwisho wake karibuni.

Mchana Mwalimu Masinde alijaribu kwa mikono yake mwenyewe. Programu ilianguka kila alipoifungua. Alikuna kichwa, akamwita Wachuka na kumuuliza kama kuna mtu aliyechomoa empithrii wakati taa inapepesa.

"Hapana, mwalimu," alijibu Wachuka.

Neno lilitoka mbio kabla hajalipima. Alikuwa ameona, kwa nukta moja tu, mtu mwingine akiketi kwenye kile kiti mbele ya maikrofoni, na wazo hilo lilimuuma kuliko fimbo. Mwalimu alimwamini. Alimpigia Deepa simu, naye akaahidi kupanda Bahati Jumamosi asubuhi.

Jioni hiyo Wachuka aliusukuma ugali huku na huko kwenye sahani. Mama yake alimgusa paji la uso, akaona hana homa. Hakumhoji. Alimvuta tu karibu, akaanza kumfungua nywele zilizokuwa zimelegea ili amsuke upya.

"Si lazima uniambie mimi," alisema baadaye, vidole vikiendelea kusuka. "Lakini kama kuna mtu jambo hilo linamhusu, usimweke akingoja."

Usiku ule Wachuka alilala akiwa ameugeukia ukuta.

Jumamosi Deepa alifika na mkoba begani, akampigapiga Guka kama ng'ombe anayependwa. "Niaje, mzee," alimsalimu, na Kipketer, aliyekuwa ameketi pembeni, akaangua kicheko. Wachuka alisimama mlangoni. Hakuwa ameitwa, lakini hakuweza kukaa nyumbani.

Deepa alifanya kazi polepole. Alibadilisha waya, akajaribu. Programu ikaanguka. Akarudisha waya ule wa kwanza, akahamia tundu la nyuma ya kompyuta, akajaribu. Ikaanguka. Kipketer aliuliza maana ya kila mlio, na kwa nini habadilishi vyote kwa mara moja aokoe wakati. Deepa alimweleza kwamba ukibadilisha vitu viwili pamoja, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Kipketer akamwambia pia kuhusu ile sura ya nyuki inayokatika katikati ya neno.

"Hiyo inaeleweka," Deepa alisema. "Programu ilianguka ikiwa inanakili, ikaacha sura nusu. Sasa kila ikifika kwa hiyo nusu inajikwaa. Kuitoa ni rahisi. Swali langu ni nini kiliiangusha mara ya kwanza." Alimgeukia Mwalimu Masinde. "Una hakika hakuna mtu aliichomoa?"

"Niliuliza," alisema mwalimu. "Hakuna."

Deepa aliguna. Kama hakuna aliyeichomoa, alieleza, basi ilianguka yenyewe, maana yake mfumo wenyewe umeoza mahali. Akiondoa ile sura nusu leo, Jumatatu itaanguka tena, na wiki nzima ijayo yeye hatakuwapo Nakuru. Dawa ilikuwa kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Alitoa diski ya kuwekea mfumo kwenye mkoba, akaiingiza. Guka akaanza kukoroma.

"Na zile sura?" Mwalimu Masinde aliuliza.

"Zitaenda zote. Guka ana diski moja tu ya kuhifadhia ndani, na flashi yangu inaweza kubeba sura mbili tatu. Pole, mwalimu."

Kipketer alikuwa ameshika magoti yake. Mtihani ulikuwa wiki mbili mbele, na kila alichojifunza tangu arudi kilikuwa ndani ya lile sanduku.

"Wachuka asisome upya zote," alisema polepole. "Koo lake litaumia. Achague zile muhimu, zingine nitabahatisha."

Kipketer angeweza kulalamika. Angeweza hata kulia, na asingelaumiwa. Badala yake alikuwa akilihurumia koo la Wachuka. Deepa tayari alikuwa amenyoosha kidole kubonyeza.

"Usifute," Wachuka alisema.

Wote waligeuka. Wachuka alisogea hadi katikati ya chumba.

"Ni mimi niliyechomoa. Stima ilififia, nikachomoa kama tunavyofanya nyumbani. Taa ilikuwa inapepesa. Mwalimu, uliponiuliza nilikudanganya."

Kipketer alipumua kwa nguvu.

"Mimi nilidhani niliiharibu na jasho la mfuko," alisema. "Sijalala vizuri."

Hilo lilimchoma Wachuka kuliko yote. Hakuwa amefikiria kwamba kimya chake kingemwangukia mtu mwingine.

Deepa hakukasirika. Alimuuliza maswali kama daktari: je, kabla ya siku hiyo programu iliwahi kuanguka? Hapana. Je, ilianguka kabla hajachomoa, au baada? Baada. Deepa akaitoa diski, akairudisha mkobani.

"Basi Guka hana ugonjwa," alisema. "Tumshukuru Mungu sijabonyeza."

Alifungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akaandika maneno machache. Kompyuta ikaanza kuikagua empithrii kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikaikuta ile sura nusu imekaa kama mfupa uliokwama kooni, nayo ikaondolewa. Deepa akafuta pia kumbukumbu ambayo programu ilikuwa nayo ya kazi iliyokatizwa, kisha akamwambia Wachuka aunganishe yeye mwenyewe.

Wachuka alisukuma waya ndani. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Programu ikalinganisha, ikapita pale ilipokuwa ikianguka, ikaendelea. Wachuka aliisimulia taa kwa Kipketer kama mtangazaji wa mpira: bado inapepesa, bado, bado. Kisha ikatulia. Alibonyeza Ondoa, akasubiri hadi skrini ikamruhusu, ndipo akachomoa, taratibu kama mtu anayechukua yai chini ya kuku.

Mwalimu Masinde alivuta kiti akaketi mbele yake, ili nyuso zao zilingane.

"Mkono wako ulitaka kuiokoa," alisema. "Kwa hilo sitakulaumu sana, ingawa sharti ulilijua. Pasi na redio zichomoe haraka, lakini kitu kinachoandika kiache kimalize. Shida yangu ni ile Ijumaa. Nilikuuliza, ukanijibu, na mimi nikampa Deepa jibu lako. Anayetengeneza kitu huanza na kile anachoambiwa. Tukimwambia uongo, akili yake yote na ujuzi wake wote vinaelekea mahali pasipofaa. Leo nusura vifute kazi yako mwenyewe na kumrudisha rafiki yako darasa la sita. Kukosea kunatengenezeka, Wachuka. Lakini hakutengenezeki kukifichwa."

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe." Akamgeukia Kipketer. "Na wewe pia."

"Nitafikiria," alisema Kipketer, lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kucheka.

Mwalimu alimpa adhabu ya kufagia chumba kile hadi siku ya mtihani. Wachuka alingoja asikie ni nani atakayekalia kiti chake. Mwalimu aliinuka tu, akasema kwamba bado kuna sura hazijasomwa na asubuhi haijaisha, kisha akatoka kumsindikiza Deepa hadi barabarani.

Wachuka alifagia kwanza. Kisha akaketi, akafungua kitabu, akamwomba Kipketer asikohoe, akaanza kurekodi. Guka alinguruma chini kwa chini. Nje, watoto wa mwalimu mkuu walikuwa wakicheza kati, wakirushiana mpira. Sura ile ilikuwa juu ya mkulima aliyezuia udongo wake usichukuliwe na mvua, na sauti ya Wachuka ilikuwa imerudia ukunjufu wake.

Katikati ya ukurasa wa pili jicho lake liliteleza. Aliruka mstari mmoja, akaingia wa chini yake, na sentensi zikaungana vizuri kiasi kwamba hakuna ambaye angeshuku. Kipketer alikuwa akitikisa kichwa, ameridhika. Wachuka alisoma maneno mengine matatu, akasimama. Akaegemea maikrofoni.

"Nimeruka mstari mmoja, nausoma tena."