Mapanga Yaliyoinama

Haya yalimpata rafiki yangu Jabez, mwenye kinu cha upepo huko Suffolk. Kwao, akifa msagaji, wenzake husimamisha vinu na kuyaacha mapanga yake yazungushwayo na upepo yameinama upande, kumwomboleza. Siku alipozikwa Reuben, msagaji jirani ambaye walikuwa wamenuniana, Jabez alisaga kutwa.

"Mwenzio anazikwa nawe unasaga? Huna haya!" mkewe alifoka.

"Upepo wote huu nimpotezee yule?"

Jioni upepo ulikoma. Aliyaacha mapanga wima, akafunga breki kwa mnyororo, akaenda kununua bia. Njiani mjane wa Reuben akamshika mkono.

"Ahsante, shemeji. Nimeyaona mapanga yameinama."

Jabez aligeuka. Yalikuwa yameinama kweli.

"Ni wajibu wangu," akajibu, asithubutu kumtazama usoni.

Alirudi mbio. Gizani akaupapasa mnyororo: umefungwa vilevile. Na juu ya kichwa chake, taratibu, mawe ya kinu yalikuwa yanasaga.