Goti la Wingu

Kila asubuhi kabla ya shule, Beverly alimkatia Wingu majani ya nepia nyuma ya nyumba yao karibu na Malinya. Ukungu ulikuwa bado umelalia migomba. Beverly alipenda kuwaza kwamba ulitoka puani mwa fahali huyo, pumzi kwa pumzi, hadi ukafunika dunia nzima. Wingu alikuwa mweupe, mwenye doa la kijivu begani. Alikuwa fahali wa kupigana, na kipenzi cha Guga. Ndivyo Beverly alivyomwita babu yake, mzee Shikanga.

"Jumamosi wataimba jina lako," alimnong'oneza Wingu, akafumba macho. Aliona uwanja, matawi yakipepea, ngoma za isukuti zikilia, na Wingu akipita katikati ya watu kama anayeelea.

Jumatatu ya wiki ya pambano Wingu aliteleza mtoni akateguka goti la mguu wa mbele. Likavimba kama boga. Guga alikuwa ameenda matangani Shinyalu, kwa hiyo baba mdogo Philemon akamwita Daktari Navalayo, daktari wa mifugo. Daktari alimpima Wingu, akamdunga sindano ya steroidi.

"Hata mwili wenyewe hujitengenezea kitu kama hiki, katika tezi ndogo karibu na figo," alimweleza Beverly. "Kinatuliza uvimbe. Kesho mtamwona anatembea vizuri, lakini msidanganyike. Kano za ndani hazijaunga. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwambia asiukanyagie mguu, na sasa nimeyalaza. Asipigane mpaka nirudi kumpima."

Kweli, kesho yake uvimbe ulikuwa umeshuka. Wingu alivuka ua taratibu bila kuchechemea, na Beverly akamtazama kama aliyekuwa bado usingizini.

"Si unaona?" alisema Philemon. "Amekuwa mpya."

"Lakini baba mdogo, daktari alisema..."

"Madaktari wanasemanga mengi. Nimeshawaambia watu wa Elkanah, ambaye fahali wake atapigana na wetu, kwamba tunakuja. Unataka watucheke mpaka Krismasi? Guga akirudi, mwambie Wingu yuko sawa. Basi."

Guga aliporudi aliuliza habari za fahali wake. "Anatembea vizuri, Guga," Beverly alijibu. Halikuwa neno la uongo. Lakini aliondoka haraka kabla hajaulizwa zaidi.

Jumamosi alfajiri alimwosha Wingu kwa maji ya vuguvugu. Alipofika gotini akabonyeza polepole. Ndani palikuwa pangali na joto. Wingu, ambaye kwa kawaida hakuvumilia hata nzi mguuni, alisimama tu akitafuna. Mbali, ng'ambo ya kilima, ngoma zikaanza. Beverly akafumba macho kama kawaida yake, lakini safari hii aliona mguu ukikunjika na mwili ule mweupe ukishuka chini kimya kimya. Alijua kwamba fahali akivunjika mguu uwanjani harudi nyumbani. Huchinjwa.

Alikimbia. Guga alikuwa akivaa kofia mlangoni.

"Guga, usimpeleke Wingu." Akamweleza yote, hata lile jibu lake la nusu.

Guga akamgeukia mwanawe aliyesimama uani. "Ni kweli, Philemon?"

Philemon akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Baba, si unamwona anavyotembea?"

"Namwona. Ninachouliza ni daktari alisema nini."

Philemon akageuza uso kuelekea barabarani. Ngoma zikafika langoni, vijana waliokuja kumsindikiza Wingu uwanjani wametapakaa na matawi mikononi. Guga akawaendea mwenyewe.

"Rudini, wanangu. Fahali wangu anaumwa goti."

"Labda goti ni lako, mzee," mmoja akasema, na wengine wakaangua kicheko.

"Langu pia," Guga akajibu. "Tutapumzika wote wawili."

Jumatatu Daktari Navalayo alirudi. Aliukunja mguu wa Wingu, akautikisa kidogo, akavuta pumzi. "Angesukumana na mwenzake, kano hizi zingekatika."

"Basi mwongeze sindano, daktari, tuwe tayari wiki ijayo," alisema Philemon.

"Hapana. Dawa hii hutuliza uvimbe, lakini pia hupunguza nguvu za mwili za kupambana na vijidudu. Mkiitumia ovyo, hata kidonda kidogo kitaoza. Ng'ombe mwenye mimba naye anaweza kutupa ndama kabla ya wakati. Ni dawa nzuri ikipewa mnyama anayeihitaji, kwa kipimo chake. Sasa anachohitaji Wingu ni kupumzika."

Philemon aliinamisha kichwa. "Nimesikia, daktari. Nitamkatia majani mimi mwenyewe."

Guga alimshika Beverly bega. Ukungu ulikuwa ukipanda polepole kutoka mtoni, na Wingu akaonekana kama sehemu yake.

"Dawa ilinyamazisha goti," alisema Guga. "Hiyo ni kazi yake, siilaumu. Lakini goti likinyamaza, anayejua ukweli ndiye wa kusema. Wewe ulichelewa, mjukuu wangu. Ila ulisema nikiwa bado nina fahali."