Beseni la Mvua la Makuyuni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Mwaija alipita nyuma ya shule ya Makuyuni kuangalia beseni la mvua. Beseni hilo liliwekwa juu ya meza ya miti, mahali pa wazi. Mvua ikinyesha, Mwaija alimimina maji yake kwenye chupa, akaandika tarehe daftarini, kisha akalisuuza beseni kwa maji maalumu aliyoachiwa.

Kazi hiyo alipewa na Bwana Ernesti, mtafiti kutoka Dar es Salaam. Miaka ile Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika, na mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia katika nchi za mbali. Vumbi la mabomu hayo lilikuwa na mionzi, nguvu isiyoonekana kwa macho, ambayo ikizidi hudhuru mwili. Upepo ulilibeba vumbi hilo mbali sana, na mvua ikalishusha. Bwana Ernesti alitaka kujua kama lilikuwa limefika hata huku kwetu, wilaya ya Korogwe.

Mwalimu Matayo alimchagua Mwaija kwa sababu ya usafi wake. Ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu, usafi wake ulikuwa umeshakuwa kero nyumbani. Hata kuni alizipangusa kabla ya kuziingiza jikoni!

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, Mwaija alimkuta kuku wa mwalimu amejilaza ndani ya beseni, na uchafu wake ameuacha humo humo. Mwaija alimfukuza kwa hasira. Alikumbuka onyo la Bwana Ernesti: "Usilisugue kwa kitu chochote." Lakini beseni chafu alikuwa halivumilii. Alichota majivu kwenye jiko la mwalimu, akasugua kama bibi yake alivyomfundisha kusugua masufuria. Mawingu yalikuwa yameshatanda, kwa hiyo akasuuza mara moja tu, haraka haraka. Mvua ilinyesha. Kwa kuogopa kunyang'anywa kazi, aliandika daftarini: "Hakuna lililoharibika."

Wiki tatu baadaye Bwana Ernesti, aliyekuwa ametumiwa chupa za mwezi huo azipime, alirudi, uso wake hauna furaha.

"Chupa moja ya Aprili ina mionzi mara nne zaidi ya nyingine," alimwambia Mwalimu Matayo mbele ya wanafunzi. "Mpaka nijue sababu, tafadhali watu wasinywe maji ya tangi."

Tangi la shule lilipokea mvua kutoka kwenye bati, na nusu ya kijiji ilichota hapo. Siku hiyo hiyo likafungwa kufuli. Akina mama wakarudi kuchota mtoni, mwendo wa saa nzima.

Jioni, Mwaija alimkuta bibi yake, Bibi Zamda, amekaa kando ya njia. Debe lake lilikuwa limemwagika nusu.

"Shikamoo, bibi. Mbona umekaa hapa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Goti limegoma. Lakini tumshukuru huyo bwana. Asingetuonya, tungeendelea kunywa sumu."

Shukrani hiyo ilimchoma Mwaija moyoni. Tarehe ya ile chupa aliijua vizuri, na kuku pia alimkumbuka. Alijitwika debe mpaka nyumbani.

Kesho yake alimkuta Bwana Ernesti kwa mwalimu, anafunga mizigo yake.

"Shikamoo, bwana. Mimi niliandika uongo," alisema. "Kuku alichafua beseni. Nikalisugua kwa majivu."

Bwana Ernesti aliacha kufunga mizigo. "Majivu ya kuni?"

"Ndiyo, bwana. Ya jiko hili."

"Miti hufyonza chumvi za ardhini zenye mionzi kidogo ya asili," alieleza mtafiti. "Ukichoma kuni, chumvi hizo hubaki kwenye majivu. Mpishi hazimdhuru, ila chombo changu cha kupimia mionzi huzihesabu. Nipe majivu hayo, na maji ya tangi pia, nikayapime."

Siku kumi za kusubiri majibu zilikuwa ndefu. Barua ilipofika, Mwalimu Matayo aliisoma darasani. Chupa ile iliharibiwa na majivu. Maji ya tangi yalikuwa salama. "Ningetoa taarifa ya uongo juu ya wilaya nzima," aliandika Bwana Ernesti. "Namshukuru sana Mwaija. Naomba aendelee na kazi." Pamoja na barua kulikuwa na daftari jipya lenye safu ya ziada: "Yaliyotokea." Vituo vyote vya kukusanyia mvua vilikuwa vimepewa daftari kama hilo.

Mwaija alilia kwa furaha.

"Sikilizeni, wanangu," alisema mwalimu. "Kosa la kusugua beseni tungelisamehe siku ile ile. Kilichowapeleka mama zenu mtoni ni maneno mawili: 'Hakuna lililoharibika.' Mtafiti hayupo hapa kila siku. Anategemea tunachomwandikia, na sisi tunategemea anachotuambia. Ukikosea, sema mapema."

Mchana, tangi lilipofunguliwa, Bibi Zamda alikunywa kikombe kizima cha maji ya tangi. "Asante, mjukuu wangu."

"Lakini mimi ndiye niliyekupeleka mtoni, bibi."

"Na wewe ndiye uliyenirudisha. Nami nashukuru."

Asubuhi iliyofuata Mwaija alifungua daftari jipya. Alimtazama kuku, akatazama beseni, akashusha pumzi. Kisha akaandika: "Kuku ametua tena. Sijasugua."