Ombi la Bibi Jivu

Jioni ile nilitoka kununua mkate tu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala na taa za barabarani hazijawaka. Mume wangu, ambaye ni fundi saa, nilimwacha mezani ameinamia saa ya mteja.

"Usichelewe," aliniambia bila kuinua kichwa.

Muuza mkate aliponiona alicheka.

"Umerudia mwingine? Leo mna wageni?"

"Mwingine upi?"

"Dada yangu, si umetoka hapa sasa hivi?"

Nilidhani ananitania, maana ndiyo tabia yake. Lakini pale kaunta palikuwa na harufu... harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Nilishawahi kuisikia mahali, sikukumbuka wapi.

Nilipokaribia kwetu, msusi wa chini ya nyumba yetu alitoa kichwa mlangoni, chanuo mkononi.

"Shoga, una mbio wewe. Si nimekuona unapanda ngazi na mkate?"

Mkate wangu ulikuwa kwapani.

Nilipanda taratibu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani kulikuwa na maongezi. Sauti ya mume wangu, halafu ya mwanamke. Nilijua ile sauti, ila sikujua ni ya nani, mpaka ilipocheka.

Ilikuwa yangu.

Nilichungulia kwenye upenyo. Mume wangu ameweka vifaa pembeni, uso umemchangamka kama wa kijana. Mbele yake amekaa mwanamke amenipa mgongo. Gauni lake la kahawia lilikuwa lile nililovaa mimi wakati ule ule. Hata uzi uliofumuka begani ulikuwepo.

Ghafla akanyamaza. Kichwa kikageuka kidogo, kama cha mtu anayetega sikio...

Harufu ya majivu ikapita chini ya mlango.

Sikuingia. Miguu iliamua kabla yangu.

Nilikimbilia kwa kaka yetu, mtaa wa pili, anakoishi na mdogo wangu wa kike. Njiani ndipo nilipokumbuka ile harufu niliisikia wapi.

Sisi watatu tuna mchezo wetu wa Jumamosi tangu tukiwa shule. Kaka ndiye msimulizi. Anatupa nchi ya kubuni yenye misitu na mazimwi, na kila mchezaji ana mhusika wake anayemsemea. Ukitaka kufanya jambo unatupa dadu ya pande ishirini, nayo ndiyo inayoamua. Mhusika akishinda hatari anapanda ngazi. Mpiga mishale wangu hufa kila mara, naanza upya. Lakini mhusika wa mdogo wangu, mchawi aitwaye Bibi Jivu, alifika ngazi ya ishirini, ambayo juu yake hakuna nyingine. Alisimamisha wakati. Alifufua wafu. Kaka alikuwa akilalamika kwamba hana tena cha kumtisha.

Mdogo wangu alilipenda hilo kuliko alivyosema. Pale mezani alikuwa juu yangu. Nje ya pale mambo yalikuwa mengine. Mume wangu alifahamiana naye kwanza. Yeye ndiye aliyemleta nyumbani atutengenezee saa ya ukutani. Saa ilipona, fundi akaendelea kuja, na aliyekuwa akimfuata ni mimi. Mdogo wangu hakutamka neno. Harusini kwangu alicheza kuliko wote.

Sasa, wa ngazi ya ishirini hupewa uchawi mmoja wa mwisho, Ombi Kuu. Unaomba chochote. Jumamosi iliyopita aliutumia. Kaka alitegemea ataomba ufalme. Badala yake alinitazama, akasema kwa ile sauti nzito anayompa Bibi Jivu:

"Naomba kila alicho nacho yule."

"Yule nani?" kaka alicheka. "Huyo mpiga mishale fukara?"

Mdogo wangu akatupa dadu. Ikasimama kwenye ishirini, na harufu ya majivu ikajaa chumba. Tulidhani ni jirani anazima mkaa.

Niliwakuta wote wawili sebuleni.

"Rudisha," nilimwambia mdogo wangu.

"Nirudishe nini, dada?"

Nikasimulia. Kaka akaniambia nikae ninywe maji. Sikubishana naye. Nilipiga simu kwa mume wangu nikaiweka kwenye spika.

"Mbona unanipigia?" Sauti yake ilikuwa na furaha. "Si umeingia jikoni sasa hivi?"

Kwa mbali, sauti yangu ikauliza:

"Ni nani huyo, mpenzi?"

Mume wangu akacheka. "Simu yako inajipigia yenyewe." Tukasikia akiilaza mezani bila kuikata.

Kaka aliketi. Mdogo wangu alikuwa amejiziba mdomo.

"Sikumwombea Bibi Jivu," alinong'ona. "Nilijiombea mimi."

"Lakini hukusema wewe," kaka alisema polepole. "Aliyesema ni yeye."

"Basi muue," nikamwambia. "Si wewe msimulizi?"

"Nimuue na nini? Wa ngazi ile hauawi na chochote ninachokijua." Akamgeukia mdogo wangu. "Mwenyewe ndiye wa kumshusha. Mvue kila uwezo, mpaka abaki mtu wa kawaida."

Mdogo wangu alichukua karatasi ya Bibi Jivu, ile yenye uwezo wake wote, akaikumbatia.

"Una kila kitu, dada. Hata hiki kimoja unakitaka?"

Kwenye simu kisu kilikuwa kinakata mkate. Mume wangu alikuwa anamsimulia yule jinsi alivyopotea sokoni akiwa mtoto, na mtu aliyemficha chini ya meza mpaka jioni. Hajawahi kunisimulia hiyo. Katikati ya hofu kitu kingine kilinichoma. Nilitaka kusikia mwisho wake.

"Akikaa naye mpaka asubuhi," nilimwambia mdogo wangu, "hatutampata tena, si wewe wala mimi."

Akachukua kifutio.

"Mimi, Bibi Jivu," alianza, machozi yakimtiririka, "nauweka chini uwezo wa kuvuka milango..."

Akafuta. Kwenye simu, sauti yangu ikakwaruza.

"Nauweka chini uwezo wa kusimamisha wakati..."

"Umenyamaza," tulimsikia mume wangu akisema. "Unaumwa?"

Akafuta tena, na tena. Karatasi ilianza kutoboka. Kila alipofuta ile sauti ilizidi kuzeeka, mpaka kikabaki kikohozi. Kisha pumzi ikasogea karibu na simu... karibu sana... ikamwita mdogo wangu kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna mtu wa nje analijua.

"Mlezi wangu," ikasema. "Nilikuwa naanza tu kuonja mkate."

Mdogo wangu alifuta mstari wa mwisho.

Simu ikakatika.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa peke yake, mkate nusu mezani. "Umekawia jikoni," alisema. Kiti cha pili kilikuwa na unyevu, na juu yake vumbi la kijivu ambalo nililifuta mara mbili kabla halijatoka.

Kaka siku hizi anasema zilikuwa laini za simu zilizogongana, na kwamba muuza mkate na msusi walinifananisha. Amegawa dadu zake zote. Mdogo wangu amehamia mji mwingine, anashona. Tukipigiana tunaulizana afya basi.

Mume wangu sijamwambia kitu. Wiki chache baadaye aliniangalia tukiwa tunakula.

"Ile jioni ulinisikiliza vizuri sana," alisema. "Hebu niulize tena vile ulivyoniuliza."

Sijui yule alimuuliza nini. Nilijaribu hili, nikajaribu lile. Alijibu kwa adabu, kama anavyowajibu wateja. Juu ya ile habari ya sokoni nilimwomba anisimulie ilivyoisha, akasema, "Si nilishakumalizia?"

Tangu hapo, nikirudi jioni, mume wangu huweka vifaa chini akisikia nyayo zangu. Nikifungua mlango hunitazama usoni, kwa makini, kwa muda. Halafu hutazama nyuma yangu, kwenye ngazi, kama kuna mtu mwingine anayepanda.